Maji ya chupa au maji ya kuchemsha kwa makala: yapi yanakula nishati zaidi?

Swali: «Mimi ni mama wa watoto watano, tunaishi Panzi hapa Bukavu. Tangu mtoto wangu wa tatu alipolazwa kwa kuhara, watoto wote wanakunywa maji ya chupa tu, zile za lita moja na nusu. Mume wangu anasema chupa hizo zinaharibu ziwa na kwamba kuzitengeneza kunakula nishati nyingi mno, kwa hiyo turudi kwenye maji ya robine, yaani ya bomba, na tuyachemshe kwa makala. Mimi najiuliza: makala nayo si miti? Kati ya hayo mawili, lipi lina madhara zaidi? Na chupa kama arobaini zilizorundikana nyuma ya nyumba, nizifanyeje?»

Jibu: Mama, nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo. Ukipima nishati peke yake, lita moja ya maji iliyochemshwa kwa makala juu ya mbabula (jiko la makala) ya kawaida haina nafuu kuliko lita moja ya maji ya chupa. Mara nyingi inaizidi. Mume wako hajakosea kuhusu chupa, na wewe hujakosea kuhusu makala. Kilichokosewa ni kudhani kwamba njia ni hizo mbili tu, kwa sababu maji ya robine yaliyotiwa klorini vizuri yanaziacha zote mbili mbali sana, na gharama yake ya nishati ni ndogo kiasi cha kutohesabika.

Ili tusizungumze hewani, tutumie kipimo kimoja. Wataalamu hupima nishati kwa megajuli. Lita moja ya mazutu, yaani dizeli, ina takriban megajuli 36, maana yake megajuli moja ni kama vijiko viwili vya mezani vya mazutu. Shika kipimo hicho cha vijiko viwili, kitakusaidia hadi mwisho.

Tuanze na chupa. Chukua moja kati ya zile arobaini, hakikisha imekauka, uiweke kwenye mizani ndogo ya duka la dawa au ya jikoni: utapata karibu gramu 30. Plastiki hiyo inaitwa PET, na ukiigeuza chupa utaona chini yake alama ya pembetatu yenye namba 1. Inatokana na mafuta ya petroli na gesi. Viwanda vya kemikali huvigeuza kuwa chembechembe ngumu kama mchele, kisha chembechembe hizo huyeyushwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 250 na kumiminwa katika kalibu ili kupata vijimirija vifupi, vinene, vyenye shingo na nyuzi za kizibo tayari. Kijimirija hicho ndicho kinachofika kwenye kiwanda cha maji. Hapo hupashwa moto tena mpaka kilainike, kisha hupulizwa kwa hewa yenye shinikizo mara 30 hadi 40 ya hewa tunayoivuta, na kwa kufumba na kufumbua kinakuwa chupa. Ukijumlisha malighafi yenyewe na kazi hiyo yote, kilo moja ya PET iliyokwisha kuwa chupa imekula takriban megajuli 100. Kwa hiyo chupa yako ya gramu 30 imekula megajuli tatu, sawa na kikombe kidogo cha kahawa kilichojaa mazutu, na hapo bado haijatiwa hata tone la maji. Chupa ndogo ya nusu lita ina hasara kubwa zaidi, kwani uzito wa plastiki kwa kila lita ya maji huongezeka kadiri chupa inavyopungua ukubwa. Ndiyo maana chupa za mikutano na za harusi ndizo mbaya kuliko zote, nusu yake huachwa mezani na maji yakiwa ndani.

Maji yenyewe, yaani kuyavuta, kuyachuja, kuyapitisha kwenye mionzi au ozoni, kuyajaza na kufunga kizibo, hayali nishati ya kutajwa. Watu wengi hawaamini jambo hili. Mteja anadhani analipia usafi wa maji, kumbe sehemu kubwa ya alicholipia, angalau kwa upande wa nishati, ni kile atakachokitupa. Friji ya muuzaji pale Nyawera huongeza kidogo, kwa sababu kupoza maji na kuyaweka baridi kwa wiki nzima kunaweza kula megajuli 0.2 hadi 0.4 kwa lita.

Kinachobaki ni safari, na hapo inategemea chupa imejazwa wapi. Maji ni mzigo mzito usio na thamani kubwa: lita moja ni kilo moja, haipungui. Lori kubwa, ukihesabu na safari ya kurudi likiwa tupu, hutumia takriban megajuli moja kubeba tani moja kwa kilomita moja. Kutoka bandari za Bahari ya Hindi mpaka Bukavu ni zaidi ya kilomita 1,500. Kama maji yamejazwa huko pwani au ng'ambo ya bahari, kila lita imeongezewa megajuli moja na nusu au zaidi barabarani peke yake. Lakini kama yamejazwa hapa hapa mjini, kilichosafiri ni kile kijimirija cha gramu 30, na mazutu yake ya safari hayafiki hata robo ya kijiko. Maji yanayotoka Kigali yako katikati, kwani safari yake ni ya kilomita zaidi ya 200. Hivyo kama siku fulani utalazimika kununua chupa, soma kwenye lebo yamejazwa wapi, kisha chukua yaliyosafiri kidogo na chupa kubwa kuliko zote zilizopo.

Ukijumlisha yote, lita moja ya maji ya chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa karibu inasimama kwenye megajuli mbili na nusu hivi, na iliyotoka mbali inafika nne au kupita. Mwaka 2009 watafiti wawili wa taasisi ya Pacific Institute huko California, Peter Gleick na Heather Cooley, walichapisha hesabu ya maji ya chupa yanayonywewa Los Angeles, wakapata kati ya megajuli 5.6 na 10.2 kwa lita, kwa sababu chupa walizozihesabu zilikuwa nzito kuliko za leo na nyingine zilivuka bahari. Walilinganisha na maji ya bomba ya mji ule, ambayo huhitaji takriban megajuli 0.005 kwa lita, wakasema maji ya chupa yanaweza kula nishati hadi mara 2,000 zaidi. Namba hiyo ya 2,000 inarudiwa kila mahali, na huenda ndiyo aliyoisikia mume wako. Ni ya kweli kwa mtu wa Los Angeles, anayefungua robine na kunywa papo hapo. Kwa mama wa Panzi hailingani na maisha yake, kwa sababu yeye hanywi maji ya robine yalivyo. Kati ya robine na kikombe cha mtoto kuna mbabula.

Sasa tuipime mbabula. Maji yanayotoka kwenye robine zetu yana joto la nyuzi 20 hivi, na hapa Bukavu, kwa kuwa tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Kuipandisha lita moja kutoka 20 hadi 95 kunahitaji megajuli 0.31 tu. Laiti moto wote ungeingia kwenye sufuria! Mbabula ya bati isiyo na udongo ndani hupeleka kwenye sufuria kama robo ya joto lake, pengine chini ya hapo, na linalobaki hupasha moto ukuta, hewa na magoti ya mpishi. Hivyo lita moja inataka karibu gramu 50 za makala. Jambo hilo lingekuwa dogo kama makala yangeokotwa yakiwa makala. Lakini mchomaji anayefukia magogo kwenye tanuru la udongo hutumia kilo sita hadi nane za kuni kupata kilo moja ya makala, na nishati nyingine yote huondoka na moshi hapo hapo porini. Gramu 50 zako zilikuwa gramu 300 hadi 400 za kuni, ambazo zilikuwa na megajuli tano au zaidi. Hesabu ndiyo hiyo: tano kwa makala, mbili na nusu hadi nne kwa chupa.

Naomba usiishie kwenye namba hizo ukasema basi chupa ni bora, kwa maana nishati ya mti na nishati ya petroli hazifanani. Makala ya mikaratusi iliyopandwa kwenye vilima vya Kabare au Walungu, inayokatwa na kuchipua tena, si sawa na makala ya mti wa asili uliokatwa ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, ambao hauna wa kuupanda tena. Mteja wa makala sokoni Kadutu hana njia ya kutofautisha gunia moja na lingine, na muuzaji hataji, hata ukimuuliza kwa upole. Upande wa pili, petroli ya chupa haichipui kamwe, na chupa yenyewe hudumu miaka mingi baada ya maji kunywewa, wakati majivu ya mbabula unayatupa shambani na mambo yamekwisha.

Kwa nyumba yako hesabu inakuja hivi. Watoto watano wakinywa lita saba na nusu kwa siku, ni chupa tano. Zile arobaini ni za siku nane tu. Kwa mwaka ni chupa zaidi ya 1,800, kilo 55 za plastiki, zilizokula nishati inayolingana na lita 150 za mazutu, yaani robo tatu ya pipa. Ukizichemsha lita hizo hizo kwa makala, kwa mwaka utamaliza kilo kama 137 za makala, na nyuma yake karibu tani moja ya kuni.

Mume wako ametaja ziwa, na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu mji wetu una jambo ambalo miji mingi haina. Maji ya Ziwa Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa Bukavu: mto Ruzizi. Kila chupa inayoachwa kwenye mtaro wa Kadutu hungoja mvua ya kwanza, ikabebwa na mto Kawa, ikaingia ziwani. PET yenyewe ni nzito kuliko maji, kipande chake huzama; lakini chupa tupu yenye kizibo imebeba hewa, hivyo huelea, na kinachoelea hufuata mkondo na upepo mpaka kwenye mlango ule. Pale chini ya mlango kuna kituo cha umeme cha Ruzizi I, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, ambacho hulisha sehemu kubwa ya umeme wetu. Mbele ya mitambo kuna nondo za kuzuia takataka, na juu ya maji, siku zilizofuata mvua kubwa, kunatanda kapeti la chupa, ndala, vipande vya mabidoni na majani, kiasi kwamba maji hayaonekani na ndege hutembea juu yake. Wafanyakazi huziopoa kwa mikono na kwa mashine. Zinazopenya au kuziba nondo hupunguza maji yanayofika kwenye mitambo, na mtambo usipopata maji ya kutosha husimamishwa. Sisi tulio juu mjini tunaona taa zinazimika, tunasema delestaji, yaani mgao wa umeme, imeanza tena.

Sasa angalia mzunguko ulivyo. Birika la umeme huchemsha lita moja kwa takriban megajuli 0.37, sawa na sehemu ya kumi ya kilowati-saa, tena kwa umeme wa maporomoko usio na moshi. Hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote za kuchemsha maji katika mji huu, chini ya sehemu ya kumi ya nishati ya makala. Chupa iliyotupwa inaziba nondo za Ruzizi, umeme unakatika, birika linabaki kabatini, mama anawasha mbabula au anatuma mtoto dukani kununua chupa nyingine, na kiwanda kinachojaza maji kinawasha jenereta la mazutu. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko, vifuko na vifungashio vingine vya plastiki nchini kote. Kila mtu aliyepita Kadutu wiki hii anajua imefika wapi.

Nije kwenye la kufanya nyumbani kwako, maana najua huwezi kusubiri mitaro ya mji isafishwe. Wewe unaogopa kuhara, na unaogopa kwa haki. Kipindupindu hakijawahi kuhama kabisa katika mikoa yetu ya Kivu. Sitakushauri hata siku moja uwape watoto maji ya robine yasiyotibiwa kwa ajili ya kuokoa plastiki.

Njia ya kwanza ni klorini. Vidonge vinapatikana kwenye maduka ya dawa kwa ukubwa mbalimbali. Kile cha miligramu 67 hutosha bidoni la lita 20 la maji maangavu, ila soma karatasi yake kwanza kwa sababu vingine vimetengenezwa kwa lita moja au tano. Tia kidonge, funga, subiri dakika 30. Kama maji yana udongo, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa, kwa sababu udongo huila klorini kabla haijawafikia vijidudu. Watoto watalalamika harufu. Mimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mara tatu nne, au yaache usiku kucha kwenye chungu kilichofunikwa, harufu hupungua sana. Faida kubwa ya klorini kuliko kuchemsha ni kwamba hubaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda, hata mtoto akitumbukiza kikombe kichafu. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote yakishapoa. Kasoro yake ni kwamba kuna vimelea wachache wenye gamba gumu ambao klorini haiwawezi, na kwa hao kichujio cha kauri au kuchemsha ndiko kunakosaidia.

Ukichemsha, basi usichemshe kama tulivyofundishwa na bibi zetu. Nyumba nyingi huyaacha maji yatokote dakika 15 au 20 ili «yaive». Hayahitaji kuiva. Bakteria wa kuhara hufa haraka joto likishapita nyuzi 70, na Shirika la Afya Duniani linasema inatosha maji yafikie kutokota kwa nguvu, kisha uyaepue na kuyaacha yapoe yenyewe yakiwa yamefunikwa. Kutokota hapa Bukavu kwenye nyuzi 95 kunatosha pia. Kila dakika unayoongeza ni makala unayageuza kuwa mvuke. Weka kifuniko tangu mwanzo, tumia mbabula iliyojengwa kwa udongo ndani, na umeme ukiwepo chemsha kwa birika ujaze vyombo vya siku nzima.

Ipo pia njia ya jua, ambayo itakufurahisha kwa sababu inatumia chupa hizo hizo. Chagua chupa angavu zisizo na rangi wala mikwaruzo, zisizozidi lita mbili, uzioshe na kuondoa lebo. Jaza maji robo tatu, tikisa sekunde ishirini, ongeza mpaka pomoni, funga, uzilaze juu ya mabati tangu asubuhi. Saa sita za jua kali zinatosha kuua vijidudu. Kama mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, ziache siku mbili. Siku ya mvua ya kutwa usitegemee njia hii kabisa. Maji yawe maangavu: simamisha chupa juu ya gazeti, tazama kupitia mdomo wake hadi chini, na kama husomi herufi kubwa za kichwa cha habari, yachuje kwanza. Kwetu hii ni njia ya Juni hadi Agosti. Septemba mvua zikirudi, rudi kwenye kidonge.

Na kama bado moyo wako unataka maji yaliyotoka kiwandani, nunua yale ya galoni kubwa linalorudishwa na kujazwa upya, kama wanavyofanya maofisini. Chombo kile hutumika mara nyingi, hivyo nishati ya plastiki hugawanyika kwa lita mamia. Umewahi kuona chupa tupu ya bia imetupwa kwenye mtaro? Hakuna, kwa sababu inarudi kwenye kreti na ina bei yake. Kagua tu kwamba mfuniko wa galoni haujafunguliwa, kwa sababu wapo wanaojaza robine na kufunga upya.

Kuhusu zile arobaini: usizichome, moshi wake ni sumu na mtaa wote utauvuta, na usizizike bustanini. Tenga kumi au kumi na mbili zilizo angavu kabisa kwa ajili ya mabati ya Juni, uzihifadhi mahali ambapo hazitapata mikwaruzo. Zinazobaki zisuuze, zifunge vizibo, zipeleke Kadutu kwa akina mama wanaopima mawese na kwa wauza kasiksi, ile pombe ya ndizi. Wao hutafuta chupa tupu kila siku na huenda ukarudi na senti za kununulia vidonge. Zilizobonyea au zenye harufu ya mafuta usiwape wenye kuuza vya kunywa. Hizo ziweke kwenye gunia moja, uwape wale vijana wanaopita wakikusanya plastiki, nao wachukue na vizibo vyake.